Namba tasa kubwa kwa mradi wa klabu ya hisabati: 65537, 2147483647, bilioni na saba, ya Lucas, au ile ya rekodi?

Mwalimu wa hisabati Mbeya, Iringa au Njombe akiwaambia wanafunzi wa klabu kwamba mradi wa muhula huu ni namba tasa kubwa, atasikia sauti kutoka nyuma ya darasa: "Tuchukue ile kubwa kuliko zote duniani!" Ni jibu linalovutia, na karibu kila mara ndilo chaguo baya kuliko yote. Namba ya rekodi unaweza kuibandika ukutani na kuisifia, lakini huwezi kuifanyia kazi. Naandika haya kwa mwalimu au kiongozi wa klabu anayetaka namba ambayo wanafunzi wake wataishika wenyewe, waisulubu kwa kikokotoo na daftari, na mwisho waseme kwa kujiamini kuwa ni tasa kwa sababu wamethibitisha, si kwa sababu wameambiwa.

Kipimo changu basi ni kimoja: je, darasa lenye vifaa mlivyonavyo linaweza kuthibitisha lenyewe? Ukubwa, umaarufu na matumizi vinakuja baadaye.

Tukumbushane kidogo. Namba tasa ni ile iliyo kubwa kuliko 1 na isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. 97 ni tasa; 91 inadanganya watu wengi, lakini ni 7 × 13. Njia ya kila mtu ni kuigawa namba kwa namba tasa zote ndogo hadi ufike kwenye kipeuo chake cha pili. Kuendelea zaidi ya hapo ni kupoteza wino, maana kigawo kikubwa kuliko kipeuo lazima kiwe na mwenzake mdogo, na huyo ungeshamkuta njiani.

Hizi hapa tano, bega kwa bega:

| Namba | Tarakimu | Migao kwa njia ya kawaida | Njia ya mkato | Kifaa kinachotosha |
|---|---|---|---|---|
| 65537 | 5 | 54 | mgao 1, au hatua 15 za kipeo cha pili | kikokotoo cha dukani |
| 1000000007 | 10 | 3,401 | hakuna iliyo rahisi kwa mkono | kompyuta au simu |
| 2147483647 | 10 | karibu 4,800 | migao themanini na kitu | kikokotoo na darasa zima |
| 2¹²⁷ − 1 | 39 | haiwezekani | hatua 125 | kompyuta yoyote |
| 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1 | 41,024,320 | haiwezekani | hatua 136,279,839 | mashine za watu wengine |

Neno moja kuhusu vikokotoo kabla hatujaingia ndani. Vile vidogo vya bei ya chini vinavyouzwa mitaani, Mwanjelwa au kwingine, vingi vina nafasi ya tarakimu 8 tu. Havitoshi kwa mradi huu. Tafuteni vile vya mezani wanavyotumia wenye maduka, vya tarakimu 12, au vya kisayansi vinavyoonyesha 10.

65537: ndogo, lakini inajieleza yenyewe

Namba hii ni 2¹⁶ + 1. Pierre de Fermat, mwanasheria Mfaransa wa karne ya 17 aliyefanya hisabati kama burudani, aliamini kwamba ukichukua 2, ukaipa kipeo 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea hivyo kwa kurudufu, kisha ukaongeza 1, utapata namba tasa kila mara. Zilianza vizuri sana: 3, 5, 17, 257, 65537. Inayofuata ni 4294967297, na mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kuwa ni 641 × 6700417. Tangu hapo haijapatikana hata moja nyingine ya ukoo huu iliyo tasa. Kwa hiyo 65537 ndiyo kubwa kuliko zote zinazojulikana katika familia yake, na hilo mwalimu anaweza kulitumia kumnyamazisha yule wa nyuma ya darasa.

Kwa njia ya kawaida kipeuo chake cha pili ni 256 na kidogo, na chini ya hapo zipo namba tasa 54. Darasa la wanafunzi 54, na yetu mengi yanazidi hapo, linamaliza kazi kwa dakika chache: kila mtu namba yake moja, kila mtu baki lake ubaoni.

Njia ya mkato ya kwanza inafurahisha kwa ufupi wake. Kigawo chochote tasa cha 2¹⁶ + 1 lazima, kikigawanywa kwa 64, kibakize 1. Namba za namna hiyo hadi 256 ni tatu tu: 65, 129 na 193. 65 ni 5 × 13. 129 ni 3 × 43. Inabaki 193, na 65537 ni 193 × 339, baki 110. Kazi imekwisha kwa mgao mmoja. Kasoro ni kwamba mwanafunzi wa Kidato cha Pili ataipokea kanuni hiyo ya 64 kwa imani, na mradi mzima ulikuwa kukwepa imani.

Ninayoipenda zaidi ni ya pili, jaribio la Théophile Pépin la mwaka 1877. Anza na 3. Ipe kipeo cha pili. Gawa kwa 65537, tupa jibu, baki na baki. Hilo baki nalo lipe kipeo cha pili, gawa tena. Fanya hivyo mara 15. Ukifika 65536, namba ni tasa. Usipofika, si tasa. Hesabu zenyewe ni hizi:

3 → 9 → 81 → 6561 → 54449 → 61869 → 19139 → 15028 → 282 → 13987 → 8224 → 65529 → 64 → 4096 → 65281 → 65536

Chukua hatua moja uione kwa karibu. Baada ya 6561 tunapiga 6561 × 6561, tunapata 43,046,721. Tunagawa kwa 65537. Kikokotoo kinaonyesha 656 na vipande vipande baada ya nukta. Tunachukua 656 peke yake, tunazidisha kwa 65537, tunapata 42,992,272. Tunatoa: 54,449. Basi. Hakuna hatua inayodai zaidi ya tarakimu 10, kwa sababu 65536 ikijizidisha yenyewe ni 4,294,967,296.

Mwishoni kuna sehemu ambayo mwalimu asiikimbie. Ukifika 65529, mwambie mwanafunzi aitazame vizuri: imepungukiwa 8 tu kufika 65537. Kwa lugha ya mabaki, hiyo ni sawa na −8. Kipeo cha pili cha −8 ni 64, bila kikokotoo. Cha 64 ni 4096, bila kikokotoo pia. Cha 4096 ni 16,777,216, ambacho kimepungua 256 kufikia kigawe cha 65537, kwa hiyo ni −256, ndiyo ile 65281. Na 256 × 256 ni 65536. Hatua nne za mwisho zinapigwa kichwani. Wale waliokuwa wanajikokota nyuma wote wanafika pamoja.

Kwa nini mnyororo huu ni uthibitisho na si bahati? 65536 ni sawa na −1, kwa hiyo ukipiga hatua moja zaidi unarudi kwenye 1. Maana yake vipeo vya 3 vinazunguka mzunguko wenye urefu wa 65,536 kamili, bila kujirudia mapema. Mzunguko mrefu hivyo unazihitaji namba zote kuanzia 1 hadi 65536 zishiriki, na hilo haliwezekani kama hata moja kati yao ina kigawo cha pamoja na 65537. Kidato cha Tano watafuata hoja hii bila shida. Wadogo wafanye hesabu kwanza, hoja itawafikia.

Halafu ina kazi duniani. Ufunguo wa wazi katika usimbaji wa RSA, unaolinda mawasiliano mengi ya intaneti, kwa kawaida hutumia 65537 kama kipeo chake. Sababu ni kwamba ikiandikwa kwa mfumo wa 0 na 1 ina 1 mbili tu, moja kila mwisho, na sifuri kumi na tano katikati, hivyo kompyuta inaipiga haraka. Fungua maelezo ya cheti cha usalama cha tovuti inayotumia RSA na utaikuta imeandikwa pale. Kuna pia stori ya Johann Gustav Hermes, Mjerumani aliyetumia zaidi ya miaka kumi kuandika namna ya kuchora umbo lenye pande 65,537 zilizo sawa kwa rula na bikari peke yake. Alimaliza 1894, na maandishi yake yametunzwa Göttingen. Subira ya namna hiyo si ya kumshauri mwanafunzi anayesubiri mtihani wa taifa, lakini kusimuliwa inafaa.

Udhaifu wake? Tarakimu tano. Bango lake halitishi mtu.

2147483647: namba ya darasa zima

Hii ni 2³¹ − 1, na Euler aliithibitisha kuwa tasa mwaka 1772, wakati macho yake yalikuwa yameshapotea karibu kabisa. Kipeuo chake cha pili ni 46,340 na kitu. Namba tasa chini ya hapo ni karibu 4,800, na hakuna klabu itakayozigawa zote kabla ya likizo ya Juni. Euler naye hakuzigawa. Alijua kuwa kigawo chochote tasa cha 2³¹ − 1, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Sehemu ya sababu ni nyepesi: vipeo vya 2 vikihesabiwa kwa mabaki ya kigawo hicho vinarudi 1 kila baada ya hatua 31, kwa hiyo 31 lazima igawe kigawo ukitoa 1. Sehemu ya pili, ile inayoleta 8 ndani yake, ni ya juu zaidi, na mwalimu anaweza kuiacha kwa wanaochukua hisabati ya juu.

Kwa kanuni hiyo zinabaki namba 373 za kuangalia, na ukizitoa zile zisizo tasa zinabaki themanini na kitu. Anza kuziorodhesha uone: 63, 249, 311, 497, 559, 745, 807, 993, 1055, 1241, 1303. Ni mbili tu humo zilizo tasa, 311 na 1303. Gawa kwa 311: 6,905,092, baki 35. Gawa kwa 1303: 1,648,107, baki 226. Mnaendelea hivyo hadi 46,340.

Huu ni mradi wenye nyama. Kikundi kimoja kinaandaa orodha, kingine kinachuja zisizo tasa, kingine kinagawa. Unachukua wiki kadhaa za vipindi vya klabu, na unawafaa hasa wa bweni ambao jioni wana muda.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya namba hii na 65537 ambayo watu hawaisemi, nayo ndiyo ingeniamulia mimi. Katika kugawa, kosa linajificha. Mwanafunzi akikosea akaandika baki 40 badala ya 35, hakuna kitu kinachomshtaki. Baki lolote lisilo sifuri linaonekana zuri. Mbaya zaidi, akirukwa na kigawo halisi kwa uzembe, darasa zima linasherehekea uongo. Katika mnyororo wa 65537, kosa la hatua ya nne linaharibu hatua zote zinazofuata, na mwisho hamtafika 65536. Mnyororo unajikagua. Kwa hiyo mkichagua 2147483647, kila mgao ufanywe na watu wawili wasiotazamana, na mabaki yalinganishwe. Bila sheria hiyo msiuanze mradi.

Sifa nyingine za namba hii zinaifanya ipendwe na vijana. Ni kubwa kuliko zote zinazoingia katika namba kamili ya kompyuta yenye biti 32 (nafasi 32 za 0 au 1) na alama ya hasi na chanya. Mifumo ya zamani inayohesabu sekunde kuanzia mwanzo wa 1970 itaijaza nafasi hiyo tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za Tanzania ni saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi, na sekunde saba. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza leo atakuwa mtu mzima kazini siku hiyo, na pengine ndiye atakayeitwa kurekebisha mfumo wa ofisi.

Pia inazaa namba timilifu. Zidisha 2³⁰ kwa 2³¹ − 1 upate 2305843008139952128, ambayo ni sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vidogo kuliko yenyewe, kama 6 ilivyo 1 + 2 + 3. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kuwa hiyo ndiyo namba timilifu kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa kuwa hazina faida na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Dunia ina watu wa kujisumbua wengi kuliko alivyodhani.

1000000007: ya waandishi wa programu

Bilioni moja na saba. Hii haihitaji maelezo marefu. Ndiyo namba tasa ndogo kuliko zote zenye tarakimu kumi, na ina pacha wake: 1000000009 nayo ni tasa. Mtu akiisikia mara moja haisahau. Katika mashindano ya kuandika programu, jibu linapokuwa refu mno, washiriki huambiwa watoe baki lake baada ya kugawa kwa 1000000007. Inafaa kwa sababu mbili za kiufundi: namba mbili zilizo chini yake zikijumlishwa bado haziifikii 2147483647, na zikizidishwa zinaingia vizuri kwenye biti 64. Na kwa kuwa ni tasa, kila baki lisilo sifuri lina kinyume chake (namba ambayo mkizidishwa pamoja baki ni 1), hivyo unaweza kugawa ndani ya dunia ya mabaki bila kukwama.

Kwa mkono, hata hivyo, haina mlango wa nyuma. Umbo lake halikupi kanuni ya kuchuja vigawo kama zilivyofanya zile mbili za juu. Migao 3,401 ni adhabu. Kompyuta inaimaliza kabla hujanyanyua kidole. Ukitoa 1 unapata 2 × 500000003, na hiyo 500000003 ni tasa pia, jambo linalopendwa na wanaosoma usimbaji, lakini ili kulitumia unatakiwa kwanza uthibitishe hiyo nusu, na kazi inaanza upya.

Klabu yenu ikiwa ni ya kompyuta zaidi kuliko ya hisabati, chukueni hii na msisite. Ikiwa ni ya kikokotoo, iacheni.

2¹²⁷ − 1: kama mna kompyuta moja

Kwa ukamilifu wake ni 170141183460469231731687303715884105727. Mfaransa Édouard Lucas aliithibitisha mwaka 1876, bila mashine yoyote. Hakuna namba tasa kubwa kuliko hii iliyowahi kuthibitishwa kwa mkono mtupu, na rekodi yake ilisimama hadi 1951, mwanahisabati Ferrier alipoipita kwa namba ya tarakimu 44 akisaidiwa na mashine ya hesabu ya mezani.

Jaribio lenyewe, lililonyooshwa baadaye na Derrick Henry Lehmer, ni ndugu wa mnyororo wa Pépin. Anza na 4. Kila hatua: kipeo cha pili, toa 2, chukua baki. Kwa 2ᵖ − 1 unafanya hatua p − 2, na mwisho lazima uwe sifuri. Lijaribuni kwanza kwenye 127, ambayo ni 2⁷ − 1:

4 → 14 → 67 → 42 → 111 → 0

Hatua tano, sifuri, tasa. Hatua ya mwisho ni 111 × 111 − 2 = 12,319, ambayo ni 127 × 97 kamili. Lijaribuni pia kwenye 2¹¹ − 1, yaani 2047, mwone sifuri haiji, maana 2047 ni 23 × 89. Hapo wanafunzi wanajifunza kuwa kipeo kuwa tasa hakutoshi kuifanya namba yenyewe iwe tasa, jambo ambalo lilimsumbua hata Marin Mersenne, mtawa ambaye namba hizi zinaitwa kwa jina lake. Orodha yake ya 1644 iliiweka 67 miongoni mwa vipeo vizuri. Si kweli: mwaka 1903 Frank Nelson Cole alionyesha kuwa 2⁶⁷ − 1 ni 193707721 × 761838257287.

Kwa 127 hatua ni 125, na kila moja inahusu namba za tarakimu hadi 77 kabla ya kuchukua baki. Kwa mkono sishauri. Kwa Python, programu inayopatikana bure hata kwenye simu, ni mistari michache na jibu linakuja papo hapo. Shule yenye kompyuta moja tu katika ofisi ya mkuu inatosha. Umeme ukikatika, mnasubiri urudi, hamjapoteza kitu. Uzuri wa namba hii ni kwamba darasa linaweza kufanya 127 kwa daftari na 2¹²⁷ − 1 kwa kompyuta kwa kanuni ileile, likaona kuwa mashine haifanyi miujiza, inafanya walichofanya wao.

Ile ya rekodi

2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1 iligunduliwa Oktoba 2024 na Luke Durant wa Marekani, kupitia mradi wa kujitolea wa GIMPS ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996. Durant alitumia chipu za michoro za kompyuta, nyingi, zilizotawanyika katika nchi mbalimbali. Rekodi ya kabla yake, 2⁸²⁵⁸⁹⁹³³ − 1 ya Desemba 2018, ilikuwa na tarakimu 24,862,048. Hii mpya ina 41,024,320. Inaanza na 8816 na kuishia na 51.

Mwanafunzi anaweza kuhakikisha hiyo 51 mwenyewe. Tarakimu mbili za mwisho za vipeo vya 2 zinajirudia kila baada ya vipeo 20 ukishavuka kile cha kwanza. 136279841 ikigawanywa kwa 20 inabakiza 1, kwa hiyo mwisho wake ni kama wa 2²¹, yaani 2097152. Toa 1 kwenye 52. Hapo ndipo uwezo wa darasa juu ya namba hii unapoishia.

Kama kuna mtu anataka kuichapa, tupige hesabu ya karatasi. Tarakimu 3,000 kwa ukurasa, kurasa ni karibu 13,675. Pande zote mbili, karibu karatasi 6,840, rimu kumi na nne kasoro. Peleka hiyo kwenye steshenari yoyote ya mjini Iringa uone sura ya mwenye mashine.

Dhana mbili zirekebishwe hapa. Ya kwanza ni kwamba namba hii inalinda benki. Hailindi chochote. Usalama wa RSA unataka namba tasa za siri, zenye tarakimu mia tatu hivi, zilizochaguliwa kwa kubahatisha. Hii inajulikana na dunia nzima. Ya pili ni ya fedha. Ni kweli kuna zawadi ya dola 150,000 ya taasisi ya Electronic Frontier Foundation kwa namba tasa ya kwanza yenye tarakimu milioni mia moja. Lakini kompyuta ya shule ikiendeshwa usiku na mchana kuitafuta, kitakachokwisha kwa hakika ni uniti za LUKU.

Mkibaki na mbili mezani

Wengi mtajikuta kati ya 65537 na 2147483647. Kwa shule ya kutwa ambako wanafunzi wanawahi daladala au wanatembea kurudi nyumbani, 65537 inakaa ndani ya vipindi viwili na hakuna kazi inayolala kiporo. Kwa bweni, na kama kuna mwalimu mkali wa kukagua migao miwili miwili, ya Euler inawapa wanafunzi kitu cha kujivunia zaidi. Kati ya 2147483647 na 2¹²⁷ − 1, anayeamua ni kompyuta: ikiwepo, nendeni kwa Lucas, kwa sababu 2¹²⁷ − 1 ina mnyororo unaojikagua na ukubwa wa kutosha kujaza ubao. Kati ya bilioni na saba na nyingine yoyote, ulizeni kwanza kama kuna anayejua kuandika programu. Asipokuwepo, swali limejijibu.

Na kama klabu mbili zinataka kushindana, tuseme moja Mbeya na nyingine Iringa, 65537 inawapa nafasi nzuri. Moja ianze mnyororo na 3, nyingine na 5. Ya pili itaanza 5, 25, 625, 62940, na kuanzia hapo orodha hazitafanana katikati, hivyo hakuna wa kunakili kwa mwenzake kwa WhatsApp. Lakini hatua ya 15, pande zote mbili, lazima iwe 65536. Atakayefika kwingine arudi kwenye daftari lake atafute hatua iliyompoteza.